Kuchelewa kwa Hukumu na Mirathi ya Milimani: Mabaraza ya Uluguru Jana na Leo

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Sifa zote njema zinamstahiki Yeye, Mbora wa mahakimu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Maswahaba wake.

Ama baada ya hayo. Ndugu msomaji, tunapozungumzia dhulma katika hukumu, fikra zetu hukimbilia kwa hakimu aliyekula rushwa au shahidi aliyesema uongo. Hizo ni dhulma zinazoonekana. Iko dhulma nyingine isiyo na sura, ambayo haimhitaji mla rushwa wala shahidi wa uongo. Inahitaji siku tu kupita. Shauri linaahirishwa, faili linasubiri, mzee aliyejua mpaka wa shamba anafariki, na yule aliyekalia mali anaendelea kuvuna. Hakuna hukumu iliyotolewa, lakini mmoja ameshinda na mwingine ameshindwa.

Hili ndilo tunalotaka kulieleza katika makala hii, kwa kutazama historia ya mabaraza na mahakama katika Morogoro na milima ya Uluguru. Tumechagua Uluguru kwa sababu ni nchi yenye Waislamu wengi, ardhi yake ni haba na yenye rutuba, na mila yake ya urithi inatofautiana na sheria ya mirathi ya Kiislamu. Mahali kama hapo, kila siku inayochelewa huongeza fundo juu ya fundo.

HUKUMU NA WAKATI KATIKA MAFUNDISHO YA MTUME (S.A.W.)

Tuanze na visa viwili, vyote vya mirathi.

Kisa cha kwanza ni cha mke wa Saad bin Rabii (R.A.). Saad aliuawa shahidi katika vita vya Uhud, mwaka wa 3 Hijria, akaacha mke na mabinti wawili. Ndugu yake akachukua mali yote, kama ilivyokuwa desturi ya Waarabu wa zama zile. Mama yule hakukaa kimya. Alikwenda kwa Mtume (S.A.W.) na mabinti zake, akaeleza kwamba ami yao amechukua kila kitu na kwamba mabinti wasio na mali hawaolewi. Mtume (S.A.W.) alimwambia kwamba Allah atalihukumu jambo lile. Ikateremka aya ya mirathi, nayo ni aya ya 11 ya Suratun Nisaa. Mtume (S.A.W.) hakungoja ami aje kwa hiari yake. Alimwita, akamwamuru awape mabinti thuluthi mbili, mama yao thumni, na yeye achukue kilichobakia. Wamepokea habari hii Abu Daud na Tirmidhi.

Tazama utaratibu wake: mlalamikaji alisikilizwa, hukumu ilipopatikana mshitakiwa aliitwa, na kila mmoja alitajiwa fungu lake. Baina ya hukumu na utekelezaji hapakuwekwa kitu.

Kisa cha pili amekisimulia Ummu Salama (R.A.), na sehemu yake ni mashuhuri sana misikitini mwetu. Watu wawili walikuja kwa Mtume (S.A.W.) wakigombania mirathi. Wengi wetu tunajua aliyowaambia: kwamba yeye ni mwanadamu, kwamba huenda mmoja akawa hodari wa kujieleza kuliko mwenzake, na kwamba atakayehukumiwa haki ya nduguye basi amekatiwa kipande cha moto. Wanalolisahau wengi ni lile lililomo katika mapokezi ya Abu Daud: mirathi ile ilikuwa ya zamani, alama zake zimefutika, na hakuna aliyekuwa na ushahidi. Watu wale wawili walilia, kila mmoja akasema haki yangu namwachia ndugu yangu. Mtume (S.A.W.) akawaelekeza wagawane, waitafute haki kwa kadiri wawezavyo, wapige kura, kisha kila mmoja amhalalishie mwenzake.

Visa hivi viwili vikiwekwa pamoja vinatupa somo la makala hii. Katika kisa cha kwanza dai lilikuwa bichi, na kila mmoja alipata fungu lake kamili. Katika kisa cha pili dai lilikuwa limechakaa, na hata mbele ya Mtume (S.A.W.) mwenyewe kilichobakia ni suluhu na kusameheana. Muda ulikuwa umekula ushahidi.

Kwa ajili hiyo wanazuoni wa fiqhi waliweka mizani. Katika barua mashuhuri ya Sayyidna Umar (R.A.) kwa Abu Musa al-Ashari, ambayo Ibn al-Qayyim ameisherehesha kwa urefu katika kitabu chake I'lam al-Muwaqqi'in, kadhi anaelekezwa ampe mwenye kudai haki isiyokuwepo mbele yake muda maalumu wa kuleta ushahidi. Akiuleta, apewe haki yake. Asipouleta, hukumu itolewe. Naye al-Mawardi, aliyefariki mwaka 450 Hijria, ameeleza katika al-Ahkam as-Sultaniyya kwamba kadhi hana ruhusa ya kuwachelewesha wagomvi wanapomjia, isipokuwa kwa udhuru.

Hatusemi kwamba Uislamu unataka pupa. Mtume (S.A.W.) alipomtuma Ali (R.A.) Yemen kuwa kadhi, alimwelekeza asihukumu mpaka amsikilize wa pili kama alivyomsikiliza wa kwanza. Kusikiliza pande zote kunahitaji muda. Kilichokatazwa ni muda usio na kikomo na usio na sababu.

ULUGURU KABLA YA MAHAKAMA ZA SERIKALI

Waluguru ni watu wa ukoo wa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, nao huuita lukolo, na ndani yake imo milango midogo iitwayo tombo, yaani titi, kwa maana ya watu walionyonya kwa bibi mmoja. Ardhi ni ya ukoo. Mwanamume anaweza kulima shamba la ukoo wake maisha yake yote, lakini akifa, kwa mila, shamba hurudi kwa watoto wa dada zake wala haliendi kwa watoto wake. Mtu wa nje aliyetaka kulima aliomba kwa wakubwa wa ukoo, akatoa kitu kidogo cha kutambua kwamba ardhi si yake, nacho huitwa ngoto.

Ugomvi wa shamba uliamuliwa na wazee wa ukoo palepale kijijini. Tusiupambe utaratibu huo kupita kiasi. Haukuwa sheria ya Kiislamu, na mnyonge asiye na wajomba wenye sauti aliweza kuonewa. Hata hivyo ulikuwa na sifa moja tunayoitafuta leo: waamuzi waliishi karibu na shamba, waliyajua miti na mito ya mpaka, na wagomvi hawakuwa na mahali pengine pa kupeleka shauri ili kulichelewesha.

Uislamu uliingia Morogoro kwa njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda bara katika karne ya 19. Mji wa Kisabengo, ambao baadaye ulitawaliwa na binti yake Simbamwene, ulikuwa kituo cha misafara hiyo. Taratibu dini ilipanda milimani, na pamoja nayo likaja swali ambalo halijaisha: Mwislamu wa Kiluguru akifa, mali yake inagawiwa na nani, na kwa sheria gani?

WAJERUMANI NA WAINGEREZA: NGAZI INAREFUSHWA

Wajerumani waliitawala nchi kwa kutumia maakida na majumbe. Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Morogoro mwaka 1907, na mji ukawa makao ya serikali. Akida alikusanya kodi na pia aliamua kesi ndogo ndogo. Tangu hapo mamlaka ya kukata shauri yalianza kutoka kwa ukoo na kushuka mjini.

Waingereza waliuchukua mji wa Morogoro mwezi Agosti 1916. Gavana Donald Cameron, aliyefika Tanganyika mwaka 1925, alianzisha utawala wa kupitia machifu, na sheria ya mwaka 1929 ikaweka mahakama za wenyeji. Jambo moja katika sheria hiyo lilikuwa na athari kubwa. Rufaa kutoka mahakama hizo hazikwenda Mahakama Kuu. Zilikwenda kwa Bwana Shauri wa wilaya, kisha kwa mkuu wa jimbo, na juu yake Gavana. Mwaka 1951 sheria ya mahakama za mitaa ikabadilisha majina na kuweka mahakama kuu ya rufaa ya mashauri ya wenyeji, lakini ngazi ilibaki ndefu na mabwana shauri walibaki katikati yake.

Bwana Shauri alikuwa na kodi ya kukusanya, barabara za kukagua na taarifa za kuandika. Rufaa ya shamba la migomba ilisubiri nafasi yake. Zaidi ya hayo, mtu aliyekuwa na malalamiko dhidi ya amri ya serikali alitakiwa ayapeleke kwa serikali ileile iliyotoa amri.

Matokeo yake yalionekana milimani. Baada ya vita vya pili vya dunia, Waingereza walianzisha mpango wa matumizi ya ardhi Uluguru, wakawalazimisha watu kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko ili kuzuia mmomonyoko. Kazi ilikuwa nzito, na wakulima wengi hawakuona faida yake katika mavuno. Vilevile katika nchi ya ardhi za koo, anayelichimba na kulitengeneza shamba huogopewa kwamba kesho atalidai kuwa lake. Malalamiko yalikuwa mengi na hayakupata baraza la kuyasikiliza kwa wakati. Mwezi Julai 1955 watu walikusanyika upande wa Matombo, polisi wakaletwa, na mtu mmoja akauawa. Mpango ukaachwa. Kile ambacho baraza la haki lingeweza kukimaliza kwa maneno, kilimalizwa kwa damu. Tunalitaja tukio hili kwa sababu linaonyesha kwamba malalamiko yasiyopata mlango wa kupitia kwa wakati hayafi. Hutafuta njia nyingine.

BAADA YA UHURU: MLANGO MMOJA, VYUMBA VINGI

Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika huru iliondoa mamlaka ya machifu, na Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka huohuo ikaziunganisha mahakama zote katika ngazi moja: Mahakama ya Mwanzo, Mahakama ya Wilaya, Mahakama Kuu. Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliongezwa juu yake mwaka 1979. Mahakama za maliwali na makadhi upande wa Bara zilikoma. Zanzibar ilibaki na mahakama za kadhi, na Kenya pia. Bara, sheria ya Kiislamu katika mirathi haikufutwa. Ilikabidhiwa kwa mahakimu wa kawaida, na Mahakama ya Mwanzo ikapewa uwezo wa kusimamia mirathi ambayo sheria yake ni ya mila au ya Kiislamu.

Lengo lilikuwa jema: raia wote wapitie mlango mmoja. Lakini ndani ya mlango huo mna vyumba vingi, na katika Uluguru kila chumba ni sababu ya kuchelewa. Tutaje vitatu.

Cha kwanza ni swali la sheria ipi itumike. Marehemu alikuwa Mwislamu na pia Mluguru. Watoto wake wanataka mirathi ya Kiislamu, wapwa zake wanadai mila. Mahakama inalazimika kutazama namna marehemu alivyoishi: aliswali, alioa kwa nikaha, aliandika nini, alisema nini juu ya mali yake. Hapo huitwa mashahidi wengi kabla hata mali yenyewe haijatajwa.

Cha pili ni kwamba mila yenyewe haikuandikwa. Mwaka 1963 serikali ilitangaza kwa maandishi sheria za mila, lakini zile zilihusu makabila ya ukoo wa baba. Mila za watu wa ukoo wa mama, Waluguru wakiwemo, zilibaki vinywani mwa wazee. Kila shauri lilibidi lithibitishe upya mila ni nini, na kila upande ulikuja na mzee wake.

Cha tatu ni mpaka baina ya mirathi na ardhi. Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi ya mwaka 2002 iliyaondoa mashauri ya ardhi katika mahakama za kawaida, ikayapeleka kwenye baraza la ardhi la kijiji, baraza la kata, baraza la ardhi na nyumba la wilaya, kisha Mahakama Kuu. Sasa shamba la marehemu ni shauri la mirathi au la ardhi? Mtu hufungua Mahakama ya Mwanzo, akapinga mwenzake kwamba hapo si mahali pake. Akaenda baraza la ardhi, akaambiwa amalize kwanza mirathi. Na pengine baada ya miaka, rufaani, huonekana kwamba baraza la mwanzo halikuwa na uwezo wa kulisikiliza. Mwenendo wote hufutwa na kuanza upya, hali mashahidi wa mara ya kwanza wengine wamo makaburini.

Ni haki kusema pia yale yaliyorekebishwa. Katiba iliongezwa ibara ya 107A mwaka 2000, inayozitaka mahakama zisicheleweshe haki bila sababu ya msingi. Mahakama imejiwekea kipimo kwamba shauri lisizidi miezi 6 katika Mahakama ya Mwanzo, miezi 12 katika Mahakama ya Wilaya na miezi 24 katika Mahakama Kuu. Mwaka 2021 mabaraza ya kata yaliondolewa uwezo wa kuamua migogoro ya ardhi, yakabaki na kazi ya kusuluhisha kwa muda usiozidi siku 30. Mwaka huohuo kilizinduliwa Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki Morogoro, kimojawapo cha vituo sita vilivyozinduliwa nchini wakati huo, kinachoziweka ngazi mbalimbali za mahakama chini ya paa moja. Zamani rufaa ya Mahakama Kuu kutoka Morogoro ilikuwa safari ya kiasi cha kilomita 190 hadi Dar es Salaam, na kwa mtu wa milimani nauli peke yake ilitosha kumfanya aache haki yake.

Basi ikiwa mahakama inajirekebisha, je, sisi tumejirekebisha?

HISA 48 ZIMEKUWA 576

Tuchukue mfano wa kufundishia, usio wa mtu maalumu. Mzee mmoja wa upande wa Kinole amefariki. Ameacha mke, wana wawili wa kiume na mabinti wawili. Alikuwa analima shamba la ukoo wake, na katika shamba hilo alipanda mikarafuu, midalasini na pilipili manga. Ana pia nyumba mjini Morogoro aliyoinunua kwa fedha za viungo.

Swali la kwanza la kifiqhi si nani anarithi. Ni nini alichokimiliki. Ardhi aliyopewa na ukoo kwa kulima tu si milki yake, na mtu harithiwi asichokimiliki. Nyumba ya mjini ni milki yake kamili. Miti aliyoipanda kwa jasho lake na kwa idhini ya wenye ardhi ni jambo la kuchunguzwa: makubaliano yalikuwaje, nani alishuhudia. Ukiuliza wiki ya mazishi, wazee wanaojua wapo. Ukiuliza baada ya miaka 15, utajibiwa na watu waliokuwa watoto.

Tuchukue kwamba nyumba tu ndiyo inayogawiwa, na madeni na wasia vimekwisha kutolewa. Mafungu ni 48. Mke anapata thumni, yaani 6. Kila mwana wa kiume anapata 14 na kila binti 7. Wote ni watu watano na hesabu ni nyepesi. Wangeweza kuikamilisha kwa siku moja, kwa kuiuza nyumba au kwa mmoja kuwalipa wengine.

Hawakugawa. Mkubwa alisema tungoje arubaini, kisha tungoje mavuno, kisha tungoje mdogo wetu amalize shule. Yeye mwenyewe anaishi katika nyumba na kupangisha vyumba viwili. Baada ya miaka, mwana wa pili wa kiume akafariki, naye ameacha mama yake, mke na mtoto mmoja wa kiume. Wanafunzi wa ilmu ya mirathi wanalijua jina la jambo hili: munasakha. Mafungu 14 ya yule aliyefariki hugawiwa tena: mama sudusi, mke thumni, mtoto kinachobakia. Ili hesabu itoke bila kuvunjika, asili ya 48 lazima izidishwe kwa 12, na mafungu yanakuwa 576. Mama mzee sasa ana 100, mjane kijana 21, mtoto wake 119, mwana mkubwa 168, na kila binti 84.

Fungu la binti halikupungua kwa hesabu, kwani 84 katika 576 ni sawa na 7 katika 48. Lakini je, atalipata? Nyumba ni ileile yenye vyumba vile vile. Warithi wameongezeka, yumo yatima ambaye mali yake ina hukumu zake nzito, na yumo mjane ambaye wengine hawamtambui. Akifariki na yule mama mzee kabla ya kugawa, hesabu inafunguliwa tena. Hivi ndivyo nyumba moja inavyofika mahakamani ikiwa na warithi ishirini, na hakimu analaumiwa kwa kuchelewa, hali kuchelewa kulianza sebuleni, siku ya arubaini.

Na kodi ya vyumba viwili kwa miaka yote hiyo? Hiyo ni mali ya warithi wote kwa mafungu yao. Aliyeila peke yake bila ridhaa yao amekula ya wenzake, na katika wenzake yumo yatima. Onyo la aya ya 10 ya Suratun Nisaa juu ya wanaokula mali ya yatima tunalisoma sote. Mtume (S.A.W.) ameita kuchelewesha kwa mwenye uwezo wa kulipa kuwa ni dhulma, kama walivyopokea Bukhari na Muslim. Basi vipi kuhusu anayechelewesha huku anakula?

JE, HAKI HUFA KWA MUDA KUPITA?

Hapa kuna mas-ala ambayo maimamu huulizwa sana. Sheria ya nchi ya ukomo wa madai ya mwaka 1971 imeweka miaka 12 kwa madai ya kurejesha ardhi. Aliyekalia shamba muda mrefu huinua hoja hiyo mahakamani: mlikuwa wapi siku zote? Je, kwa hilo shamba limekuwa halali yake mbele ya Allah?

Wanazuoni walilijadili jambo hili mapema. Katika madh-hab ya Maliki uko mlango wa kukalia mali kwa muda mrefu hali mwenyewe yupo, anaona na hana udhuru, na muda wa miaka 10 umetajwa katika baadhi ya hali. Dola ya Uthmaniya iliandika katika Majalla, iliyokusanywa baina ya 1869 na 1876 kwa fiqhi ya Hanafi, kwamba madai mengi hayasikilizwi baada ya miaka 15. Lakini Majalla hiyohiyo, katika kifungu cha 1674, imeweka wazi kwamba haki yenyewe haianguki kwa kupita muda. Mshitakiwa akikiri mbele ya kadhi kwamba mali ni ya mwenzake, muda hauangaliwi.

Tofauti hii ni kubwa, nasi tunaomba ifahamike vizuri. Mtawala ana ruhusa ya kufunga mlango wa madai ya zamani, kwa sababu ushahidi umechakaa na uongo umekuwa mwepesi. Hilo ni zuio la kusikiliza. Haliifanyi haramu kuwa halali kwa anayejua ukweli. Mwenye kushinda kwa miaka 12, hali anajua dada yake hakupewa, ameshinda mahakamani. Kipande cha moto alichokitaja Mtume (S.A.W.) kiko palepale.

ENEO LETU LA KAZI

Kila mara Waislamu wa Bara tunapozungumza juu ya mirathi, mazungumzo huishia kwenye mahakama ya kadhi. Suala hilo liliingia bungeni, likaahidiwa na kujadiliwa kwa miaka mingi, na mwaka 2015 muswada uliohusika uliondolewa. Hatudharau madai hayo. Lakini tuseme kweli: hata kadhi mwenye mamlaka hawezi kumrudishia mtu shahidi aliyekwisha kufa. Kadhi aliyeletewa mirathi ya miaka 20 atakuwa na kisa cha pili tulichokisimulia, wala hatakuwa na kile cha kwanza.

Kwa hiyo liko jambo lililo mikononi mwa imamu wa kijiji chochote milimani, lisilohitaji bunge. Kanuni za mirathi za Mahakama ya Mwanzo zinamtaka msimamizi awasilishe orodha ya mali na madeni, katika fomu namba 5, ndani ya miezi 4 tangu kuteuliwa, na hesabu ya mgao katika fomu namba 6. Eda ya mjane ni miezi 4 na siku 10. Kila familia ya Kiislamu huihesabu kwa makini. Eda si muda wa kugawa mirathi, na hatusemi kwamba fiqhi imezifunga pamoja. Tunasema kwamba kalenda ipo tayari ndani ya nyumba, nasi tuitumie.

Wiki ya mazishi, imamu na wazee wakae na jamaa, waandike kwa kalamu: marehemu alimiliki nini, alipewa na ukoo nini cha kulima tu, anadaiwa nini, aliusia nini, warithi ni akina nani. Wajomba na watu wa ukoo wa mama waitwe, wasifichwe, kwa kuwa wao ndio wanaojua ardhi ipi ni ya lukolo, na ukimya wa leo ndio kesi ya kesho. Msimamizi ateuliwe na aende mahakamani mapema. Mjane anapotoka eda, orodha iwe imekamilika na kila mrithi awe anajua fungu lake. Wakitaka kubaki pamoja katika nyumba baada ya hapo, wabaki kwa ridhaa, kila mmoja akijua anamwachia nani nini.

Maimamu wetu wanaswalisha jeneza na kusoma hitima, na watu huwasikiliza siku hizo kuliko siku nyingine zote. Saa moja ya kikao hicho inaweza kumwokoa binti na miaka kumi ya kupanda na kushuka mlima kufuata tarehe ya kesi. Inaweza pia kumwokoa kaka yake na moto.

Tunamwomba Allah (S.W.) atujaalie kuwa miongoni mwa wanaozifikisha amana kwa wenyewe kama alivyoamrisha katika aya ya 58 ya Suratun Nisaa, na kuzifikisha kwa wakati wake, wenye haki wakiwa hai.

Wallahu a'lam.